Kitu Kisicho na Safu kwenye Fomu

Mwaka 1993, kwenye Kisiwa cha Man katikati ya Uingereza na Ireland, mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Richard Thompson alishuka ufukweni na wenzake kuokota taka. Walikuwa na fomu. Ukiokota chupa, unatia alama penye chupa. Mfuko, penye mfuko. Kamba na nyavu hivyo hivyo, na jioni mnajumlisha. Kilichomkaa kichwani Thompson ni vile walivyoviacha pale pale mchangani: vipande vidogovidogo vya plastiki, vingi kuliko kitu kingine chochote kilichokuwapo, ambavyo hakuna aliyeviandika kwa sababu fomu haikuwa na safu yake.

Amewasimulia waandishi wengi kisa hicho, nami kila nikikisoma nawakumbuka makarani wetu. Sisi tunazijua fomu. Mtu akifika dirishani na shida isiyokuwamo kwenye karatasi, shida yake inakuwa haipo, na yeye anaambiwa arudi Jumatatu. Kijana yule naye hakuwa na sababu ya kujisumbua. Tasnifu yake ilihusu viumbe wa kwenye miamba ya pwani, haikuwa na habari na plastiki. Angejaza fomu, akaenda zake kuoga, akamaliza shahada kwa amani. Lakini jambo lile lilimganda, na sasa ni zaidi ya miaka thelathini yuko nalo.

Alipokuja kufundisha Chuo Kikuu cha Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza, aliwapa wanafunzi wake kazi iliyofanana na mchezo wa watoto: nendeni ufukweni, mniletee kipande cha plastiki kilicho kidogo kuliko vyote mtakavyoviona. Wakarudi na mchanga. Chini ya hadubini, katikati ya punje za mchanga, kulikuwa na nyuzi na vipande vya rangi ambavyo bahari haikuvizaa.

Namna ya kuvitoa haina uchawi. Unachota mchanga, unautia kwenye maji yaliyokolezwa chumvi mpaka chumvi yenyewe inakataa kuyeyuka, unakoroga, unaacha yatulie. Mchanga unakwenda chini, vitu vyepesi vinabaki juu, unavichuja. Aliyewahi kuosha maharage akaona mabovu yakielea anaijua kanuni hiyo. Kazi ngumu ni inayofuata, maana si kila kinachoelea ni plastiki. Kila chembe hupitishwa kwenye mashine inayoimulika kwa mionzi ya infraredi, na kila aina ya plastiki hujibu mionzi hiyo kwa namna yake, kama mtu anavyojulikana kwa alama ya kidole. Kati ya vitu vilivyowatia shaka, theluthi moja hivi tu ndivyo vilivyothibitika kuwa plastiki, za aina tisa, nailoni, poliesta na akriliki zikiwamo, na baadhi ya nyuzi zikiwa nyembamba kuliko unywele. Naipenda sana hiyo theluthi moja. Mwenye haraka ya kupiga kelele angehesabu zote.

Matokeo yalichapishwa Mei 2004 kwenye jarida la Science, ukurasa mmoja tu. Ukurasa huo ndio uliolipa neno maikroplastiki maana tunayoitumia leo. Baadaye wataalamu walikubaliana kwamba chochote kisichofika milimita 5 kiingie humo, yaani kuanzia kitu kidogo kuliko punje ya mchele mpaka kisichoonekana kwa macho. Neno lenyewe linakwaruza ulimi wa Mswahili; mimi nitasema chembe, msomaji atanielewa.

Kama ukurasa ule ungeishia kwenye mchanga wa Plymouth, nisingeandika makala haya. Kilichonikamata ni hariri.

Katika miaka ya 1920, mwanabiolojia wa Kiingereza, Alister Hardy, alibuni chombo cha kuchunguzia planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea baharini ambavyo samaki wengi huanzia maisha kwa kuvila. Ni chombo cha chuma chenye urefu wa kama mita moja. Kinafungwa kamba nyuma ya meli yoyote inayokwenda zake, ya mizigo au ya abiria. Maji yanaingia kwa tundu la mbele, yanapita kwenye utepe wa hariri, na utepe unajiviringa wenyewe taratibu mpaka ndani ya tangi la formalini, ukiwa umebeba ulichonasa. Meli ikifika bandarini, chombo kinafunguliwa, hariri inakatwa vipande kulingana na umbali, planktoni inahesabiwa. Tangu 1931 meli za biashara zimekuwa zikikivuta. Na hariri hizo, zikishahesabiwa, hazikutupwa. Ziliwekwa kwenye makasha, zikaandikwa tarehe na njia ya meli, zikapangwa.

Thompson na wenzake walikwenda kuzifungua. Walichukua hariri za kuanzia miaka ya 1960, za meli zilizopita kati ya Aberdeen na visiwa vya Shetland, na zile zilizoelekea Iceland. Chembe za plastiki zilikuwamo, zimekaa pamoja na planktoni miaka yote hiyo zikingoja mtu wa kuziuliza. Na zilikuwa zikiongezeka: zilizonaswa miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa nyingi kuliko zile za miaka ya 1960 na 1970. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusema kwa ushahidi kwamba jambo hili linakua, na tangu lini.

Sasa tumfikirie yule mfanyakazi wa maabara wa mwaka 1965, jina lake hata halijulikani kwetu. Ameshamaliza kuhesabu planktoni. Kazi yake ya siku imekwisha. Anaiviringa hariri ile, anaiandika, anapanda ngazi kwenda kuiweka rafuni. Hakuwaza plastiki. Hakuwaza chochote zaidi ya kwamba vitu vya kazi hutunzwa. Heshima aliyoipata Thompson, pamoja na Tuzo ya Blue Planet aliyogawana mwaka 2023 na Tamara Galloway na Penelope Lindeque, kwa kiasi fulani ilianzia kwenye rafu ile.

Hata madaftari ya chombo hicho yamekuja kusema. Mafundi walikuwa na desturi ya kuandika kila kilipokwama na kilichokikwamisha. Mwaka 2019 watafiti, Thompson akiwamo, walichapisha walichokikuta humo: uzi wa wavu wa plastiki uliokinasa karibu na Iceland mwaka 1957, na mfuko wa plastiki karibu na Ireland mwaka 1965. Mwaka huo Jamhuri yetu ya Muungano ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na rambo hatukuwa tumeijua. Fundi aliyeandika habari za mfuko ule aliuandika kama kero ya kazi. Leo ni miongoni mwa kumbukumbu za zamani kabisa za plastiki baharini.

Na haikuwa kwamba kabla ya Thompson dunia nzima ilikuwa kipofu. Mwaka 1972 Mmarekani Edward Carpenter na mwenzake waliandika, kwenye jarida lile lile la Science, kwamba vipande vya plastiki vinaelea Bahari ya Sargasso. Wakaandika, watu wakasoma, habari ikapoa. Kuona peke yake ni kazi ya mchana mmoja. Thompson namsifia kurudi: kurudi ufukweni, kurudi kwenye mchanga, kurudi kwenye hariri za watu waliokwishastaafu.

Yaliyofuata baada ya 2004 ni mengi, nitayapita kwa haraka. Alitaka kujua nani anazila chembe hizo. Minyoo wa mchangani walizila, na kome nao. Mwaka 2008 mwanafunzi wake, Mark Browne, pamoja na wenzake walionyesha kwamba chembe zikishaingia kwa kome huvuka utumbo na kukaa kwenye mfumo wa damu yake kwa zaidi ya siku 48. Akataka kujua zinatoka wapi. Akiwa na mtafiti mwenzake, Imogen Napper, walipima sabuni za kusugulia uso wakaziona punje za plastiki kwa maelfu kwa kila unawaji mmoja. Uingereza ilizipiga marufuku mwaka 2018. Wakafua nguo: mzigo wa kilo 6 wa nguo za akriliki uliweza kuachia nyuzi kama 700,000 kwa mfuo mmoja. Ukijumlisha mitumba tuliyovaa tangu utotoni, sweta za akriliki za shule kwa wingi wake, usiendelee na hesabu hiyo usiku.

Utafiti mmoja nitauzungumza kwa kituo, kwa sababu nimeushika kwa mkono. Ni wa kamba.

Mwaka jana nilikwenda Jambiani, Unguja, wakati wa bamvua, maji yamekauka mpaka mbali. Wanawake walikuwa kwenye mashamba ya mwani, wameinama. Shamba la mwani ni mambo, yaani vigingi, zilizochomekwa mchangani, kamba zimetandwa kutoka mambo hadi mambo, na kwenye kila kamba mashina ya mwani yamefungwa kwa vijikamba vifupi vya plastiki wanavyoviita taitai. Tangu kilimo hicho kianze Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, taitai zimefungwa na kufunguliwa mara zisizo na idadi. Nilimwomba mama mmoja nimsaidie kukunja kamba, akacheka, akanipa ile aliyokuwa ameshaitoa. Nilipoipitisha kiganjani iliniachia unga. Unga wa buluu, mwepesi, wenye vijisindano vinavyowasha.

“Hiyo ishazeeka, mwanangu,” akaniambia. “Ikianza kukuwasha mkono ujue imekwisha. Lakini mpya pesa.”

Nikanawa mikono kwenye kidimbwi cha maji ya bahari. Ni baadaye, nikiwa kwenye boti narudi, ndipo niliposhtuka kwamba unga ule nimeuacha pale pale.

Mwaka 2022 Napper, Thompson na wenzao walichapisha vipimo vya jambo lile lile mama alilolijua kwa ngozi. Walivuta kamba za polipropilini, zile tunazoziita nailoni kwa mazoea, kama wavuvi wanavyovuta, wakahesabu kinachodondoka. Kamba mpya, au ya mwaka mmoja, iliachia vipande kama 20 kwa kila mita iliyovutwa. Ya miaka miwili, kama 720. Ya miaka kumi, zaidi ya 760. Zile zilikuwa kamba za kuvutia mizigo, na kamba ya mwani hukaa ikitingishwa na maji, kwa hiyo sitaichukua hesabu yao nikaibandika Jambiani. Ila angalia nani anaangukiwa na matokeo haya. Mwenye pesa hununua kamba mpya. Mvuvi wa ngalawa na mama wa mwani hutumia kamba mpaka inawasha, wanaiunga, wanaitumia tena, na tumezoea kuwasifia kwamba hao ndio wasiotupa vitu.

Hapa ndipo ninapokorofishana na namna tunavyolizungumza suala la plastiki nyumbani. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017 kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni 4 za Kenya, Tanzania Bara Juni 1, 2019. Nilizishangilia, na bado naziunga mkono. Mitaro ya mtaani kwetu iliona unafuu. Lakini marufuku yetu ni fomu nyingine. Ina safu ya mfuko. Haina safu ya unga wa kamba, wala ya sweta, wala ya tairi linalolika barabarani. Tena ule mfuko mbadala tunaouziwa sokoni, ule unaofanana na kitambaa, mara nyingi ni polipropilini hiyo hiyo iliyofumwa kwa nyuzi. Kauanike juani miezi michache halafu uufikiche.

Katika mwaka huo huo wa 2019, Napper na Thompson walitoa matokeo ya mifuko waliyoifukia ardhini na kuizamisha baharini kwa miaka mitatu. Mifuko iliyouzwa kwa sifa ya kuoza yenyewe ilikuwa bado inabeba bidhaa za dukani. Ipo picha ya Napper ameshika mfuko uliojaa vitu, mfuko wenyewe umetoka udongoni. Picha ile ilistahili kubandikwa kwenye kila ofisi inayopokea sampuli za mfuko mpya wa kuokoa mazingira.

Msomaji atasema: hao ni Waingereza na bahari yao ya baridi. Haya, twende Mwanza. Mwaka 2016 Bahati Mayoma na Fares Biginagwa, Watanzania, pamoja na wenzao wa Ulaya, walichapisha utafiti wa samaki walionunuliwa soko la Mwanza. Kwa sangara na kwa sato vilevile, mmoja kati ya kila watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Ulikuwa ushahidi wa kwanza wa aina hiyo katika Maziwa Makuu. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Kenya ya bahari na uvuvi, KMFRI ya Mombasa, walitoa ushahidi wa chembe zilizomezwa na planktoni katika maji ya Kenya. Mwaka 2020 Mayoma na wenzake walizionyesha kwenye mchanga wa pwani ya Tanzania na kwenye kombe, wale wale wanaochokolewa na kina mama maji yakitoka. Kwa hiyo wataalamu tunao, na njia ya maji ya chumvi wanaijua vizuri kama mtu wa Plymouth.

Tunachokosa ni hariri ya 1965. Tafiti zetu ni picha za pasipoti: safi, za kweli, za siku moja. Ukiuliza kombe wa mwaka 2000 alikuwa na nini, hakuna wa kumfungua. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwenye ofisi moja ya pwani, sitaitaja, kuulizia chupa za sampuli za mchanga ambazo mzee mmoja mstaafu aliniapia kwamba alizikusanya yeye mwenyewe ujanani, kwa ajili ya jambo jingine kabisa, mambo ya mmomonyoko. Nilipokewa vizuri, nikapewa na soda. Halafu nikaambiwa chupa zilikuwapo, ila jengo lilipopakwa rangi zilitolewa nje, na zilipotolewa nje hazikurudi. Aliyeniambia hakuona kama ananipa habari mbaya. Kwake yeye ilikuwa chupa za mchanga, na mchanga si uko baharini?

Siwezi kumlaumu peke yake. Nchi yenye shida ya maji ya kunywa na madawati haiwezi kirahisi kumlipa mtu akae na kulinda chupa za mchanga. Najua hoja hiyo, nimeisikia kwa waheshimiwa, nimeisikia kwa shemeji yangu. Lakini kitu chenyewe si ghali kiasi hicho. Hardy hakununua meli hata moja. Aliomba kufunga chombo chake nyuma ya meli zilizokuwa zinakwenda tu. Kati ya Dar es Salaam na Unguja boti zinakwenda na kurudi kila siku iendayo kwa Mungu. Kwenye madiko yetu kuna vikundi vya kusimamia ufukwe, BMU, vinavyoandika samaki wanaoshushwa. Kijiko kimoja cha mchanga kwa mwezi, chupa, tarehe, jina la mahali, rafu iliyofungwa ufunguo, na amri moja tu: anayepaka rangi asizitoe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi yake ya sayansi za bahari hapo Unguja, na KMFRI ipo. Ningependa kuona safu hiyo kwenye bajeti kabla sijaona semina nyingine ya uelewa kuhusu plastiki yenye chupa za maji mezani.

Tusitegemee mkataba utufanyie. Azimio la kuwa na mkataba wa dunia wa plastiki lilipitishwa Nairobi Machi 2022, na Thompson ni mmoja wa wanaoongoza muungano wa wanasayansi wanaoshauri wajumbe. Agosti 2025 wajumbe waliondoka Geneva mikono mitupu, wakiwa wameshindana zaidi juu ya swali moja: mkataba uguse kiasi cha plastiki inayozalishwa, au uishie kwenye taka. Wanaozalisha wanataka uishie kwenye taka. Thompson mwenyewe si mtu wa kuilaani plastiki. Husema ina matumizi yake mema. Lakini mwaka 2024, alipoandika na wenzake kuhusu miaka ishirini tangu ule ukurasa mmoja, tafiti zilikuwa zimefika kama 7,000 na chembe zimeonekana kwenye aina zaidi ya 1,300 za viumbe, na neno lao kwa watawala lilikuwa kwamba ushahidi wa kuanza kuchukua hatua umekwishatosha.

Baada ya Jambiani nilipita Kunduchi nikachota mchanga, nikautia kwenye kichupa kilichokuwa cha asali, nikaandika tarehe na mahali kwa kalamu isiyofutika. Mwezi uliofuata nikachota tena. Sasa viko vichupa tisa kwenye rafu ya jikoni, nyuma ya unga wa ngano. Wiki iliyopita mama yangu alikuja kutusalimia, akawa anatafuta sukari. Akakishika kimoja, akakiinua dirishani, akasoma tarehe.

“Na huu mchanga nao mnausubiri nini?” akaniuliza.

Nilimwomba akirudishe pale pale alipokitoa, asivichanganye mpangilio. Akanitazama, akakirudisha, akaendelea kutafuta sukari.